Bastola Iliyomng'ata Mkuu

Wiki niliyorudisha sare, vijana wa ghala la silaha walininunulia chai na maandazi, kisha wakaniomba niwaandikie namna ya kumchagulia askari bastola inayomkaa mkononi. Nadhani walitaka ukurasa mmoja wenye vipimo, waubandike ukutani. Hawataupata. Kila kilichowahi kubandikwa kwenye ukuta ule kilisomwa na mijusi tu. Nitawaandikia kazi yenyewe ilivyokuwa, na atakayechoka njiani arudi kwenye drafti yake, ambako najua ndiko alikokuwa tangu asubuhi.

Vyeo nilivyopata na vilivyonipita naviacha. Havijawahi kumfundisha mtu kulenga.

Nilijiunga na polisi miaka michache baada ya Uhuru, nikitokea Keko, ambako baba yangu alikuwa seremala wa vitanda na makabati. Baba hakununua msumeno wala randa bila kushika kwanza. Alisimama dukani, akashika, akarudisha, akaomba mwingine, akafumba macho, akashika tena, mpaka mwenye duka akaanza kuguna. Mpini usiomkaa mkononi hakuutaka hata wa bure. Mimi nilikulia humo, nikadhani dunia nzima hufanya hivyo. Kumbe wako watu wazima, wenye mishahara na nyota mabegani, ambao viatu wanajaribisha, suruali wanajaribisha, lakini bastola wanapokea tu na kupiga saluti.

Kituo chetu, ambacho sitakitaja, kilikuwa pembezoni mwa Temeke, mahali ambapo lami ilikata tamaa na mchanga ukaendelea. Askari wa kike tulikuwa wachache. Kazi zetu zilikuwa kuwapekua wanawake, kuwabembeleza watoto waliopotea mpaka mama zao wafike, na kukaa kwenye swichibodi ya simu. Chai haikuwa kazi yetu rasmi, ila kila aliyetaka chai alitutazama sisi.

Siku yangu ya kwanza nilitumwa ghala la silaha kupeleka ujumbe. Nilimkuta Sajini Nandonde, mtu wa Newala, mwembamba, na kitambaa chenye mafuta begani. Nikatazama bastola zilizopangwa mezani. Akasema, "Usiguse." Nikarudisha mikono nyuma. Akanichungulia, akaona nimerudisha mikono kweli, jambo ambalo nadhani lilimshangaza kwa askari. Akafungua moja, akanionyesha kwamba ni tupu, akanipa na mimi nikague kwa macho yangu. Ndipo akasema, "Haya, shika." Hiyo ndiyo shule yangu yote ya silaha, mengine yalikuwa marudio.

Yeye ndiye aliyenieleza utaratibu wa kituo. Wazungu walipoondoka, kila ofisi ilirithiwa na vitu vyake: meza, kiti, kigingi cha kofia na bastola. Aliyekalia kiti alichukua na bastola ya aliyekuwa amekikalia. Hakuna aliyeuliza kama mkono wa mwenye kiti wa leo unafanana na wa jana. Mkuu wa kituo akapata bastola ndogo, nyembamba, nzuri ya kutazama, iliyoachwa na mtangulizi wake, mtu mfupi ambaye nasikia hata glavu zake zilikuwa za kitoto. Makonstebo wakapewa rivolva nzito za zamani zenye vitako vinene, kwa sababu zilikuwa kuukuu na konstebo ni mtu wa chini. Silaha zilifuata cheo kama vile viti vya mbele msibani.

Sasa Mkuu wetu alikuwa pande la mtu. Mkono wake ukifunga mlango, kitasa hakionekani. Alipokamata ile bastola, nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada ilimwagika juu ya kitako. Bastola ya namna hiyo, kila ikifyatuka, chuma chake cha juu hurudi nyuma kwa nguvu, na kikikuta nyama njiani kinaikata. Kila baada ya zoezi la shabaha Mkuu alirudi na bandeji, akisema amejikata na kopo la maziwa. Maziwa ya kopo yenyewe wakati huo hata kwenye foleni hayakupatikana.

Msaidizi wake, Inspekta Kasanda, alikuwa kinyume chake. Mwili wa wastani, sauti kubwa, na mikono midogo, mizuri, ya mtu aliyepaswa kutengeneza saa. Yeye alirithi rivolva kubwa, na alivyoona haimtishi mtu vya kutosha, alikwenda kwa mchongaji akatengenezewa kitako kipya cha mpingo kilichong'arishwa, kinene kuliko cha kwanza. Sajini Nandonde alikifunga huku amekaza meno. Mpingo ni mti wa heshima, unafaa kwa kinyago cha sebuleni. Ukiung'arisha na kuushika kwa kiganja chenye jasho la Dar es Salaam, unateleza kama sabuni. Kasanda alikuwa akikosa shabaha kila mara, na kila mara alilaumu risasi.

Kwa kuwa mliniomba, vipimo vyenyewe ni hivi. Hakikisha silaha ni tupu, halafu ukague tena kwa sababu wewe si malaika. Uelekeze mtutu mahali pasipo na mtu. Uwazi wa kati ya kidole gumba na cha shahada ukae juu kabisa nyuma ya kitako. Mtutu ufuate mfupa wa mkono wako, usipinde kuelekea gumba. Kidole cha shahada kifike kwenye triga kwa nyama ya mbele, bila wewe kuhamisha kiganja. Ukilazimika kuhamisha, kitako ni kinene kwako. Kidole kikipitiliza na kujikunja upande wa pili, ni chembamba. Fumba macho, inua mkono, fumbua. Kama bastola inatazama ulikokusudia, mmepatana. Haya yote hayafiki dakika moja, na kituo kizima kilikaa miaka bila kuyafanya.

Basi amri ikatoka juu. Wakati huo wageni walikuwa hawakauki mjini, hasa akina mama wa vyama vya ukombozi kutoka nchi za kusini, na ilionekana si vizuri kila wanapokwenda wafuatwe na wanaume tu, hata hadi mlango wa choo. Kila kituo kitoe askari wa kike mmoja atakayefuzu shabaha na kubeba silaha. Asiyefuzu katika majaribio mawili abaki na kazi zake.

Nilikitaka kibarua kile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Sisemi hivyo kujipamba. Nilikuwa nimechoka na ile swichibodi, na waya zake, na watu waliokuwa wakinitukana kwa kuwa simu ya Morogoro haishiki. Nilitaka kutoka nje, nivae mkanda, nisimame mahali kwa sababu nimeaminiwa. Mkuu akanipa nafasi. Inspekta Kasanda akanipa rivolva.

Ilikuwa ya konstebo, kitako chake kinene kama mguu wa kitanda. Nilipoweka kiganja sawasawa, kidole kiliishia hewani kabla ya triga. Nilipozungusha mkono ili kidole kifike, mtutu ukaenda upande. Nilimwambia Kasanda, "Afande, hii hainifiki."

"Wewe ndiwe huifikii," akasema. "Bastola haikui, kua wewe."

Wenzake wakacheka. Alikuwa na kipaji hicho, cha kusema upuuzi kwa sauti ambayo watu hucheka kabla ya kusikia.

Tulikwenda uwanja wa shabaha porini, upande wa Pugu, tumekaa kwenye karandinga na vumbi letu. Nilipiga. Risasi zangu zote zilikwenda kushoto, nyingine hazikugusa hata karatasi, na kishindo kilinigonga kwenye kifundo cha gumba mpaka nikaona nyota. Nikashindwa. Kasanda alipiga baada yangu. Sajini Nandonde akazibandua karatasi zetu mbili, akaziweka sambamba chini. Kushoto, kushoto, zote mbili.

"Hawa ni mtu na dada yake," akasema, bila kumtazama yeyote.

Kasanda alisema risasi zilikuwa na unyevu. Halafu akanigeukia, akasema niandae koo langu kwa ajili ya simu, maana jaribio la pili lilikuwa wiki iliyofuata na mikono ya wanawake haiongezeki kwa wiki. Nililia usiku ule nyumbani Keko. Mama alidhani nimeachwa na mchumba, akanifariji kwa hilo, nikamwacha aendelee kwa sababu lilikuwa rahisi kueleza.

Aliyeniokoa hakuwa askari. Alikuwa Mama Neema, mke wa Mkuu, mkunga wa hospitali, mwanamke mnene mwenye mwendo wa haraka. Siku mbili baada ya zoezi alikuja kituoni, hakwenda ofisini kwa mumewe, alikuja moja kwa moja ghalani, nilikokuwa nimekwenda kumwomba Sajini ushauri.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Nataka mtu anieleze," akasema. "Mie nimeshona watu maisha yangu yote, kidonda cha kopo nakijua. Hiki cha mume wangu si cha kopo. Kila mkienda huko porini kwenu anarudi na alama pale pale, kati ya gumba na kidole. Nyie mnakwenda shabaha au mnakwenda kwa mwanamke mwenye meno?"

Sajini Nandonde, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, aligeuka ukutani kidogo. Kisha akamwambia, "Mama, anayemng'ata mzee yumo kabatini." Bastola ya Mkuu ilikuwa imeletwa kusafishwa. Akaifungua, akamwonyesha ni tupu, akamwonyesha chuma cha juu kinavyorudi na mahali nyama ya mkono mkubwa inapokaa. Kwenye pembe ya chuma kulikuwa na damu kavu.

Mama Neema akatazama, akacheka mpaka akaegemea kaunta. Halafu akaacha ghafla. "Na huyu binti ana nini? Mbona macho mekundu?"

Sajini alinipa mimi ile bastola. Nikakagua, nikaishika. Sijui niwaeleze vipi. Kiganja kilikaa, kidole kikalala juu ya triga bila kutafuta, mtutu ukanyooka kutoka mfupani. Nikafumba macho, nikainua, nikafumbua, na ilikuwa inatazama tundu la msumari nililokusudia. Nikapandwa na hasira. Kwa muda wote ule ilikuwa hatua chache kutoka kwenye swichibodi, ikimng'ata mtu asiyeihitaji.

"Haya," alisema Mama Neema, akatoka.

Ofisi ya Mkuu ilikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na Mungu atusamehe, tulisikiliza. "Baba Neema, mpe mtoto wa watu hicho kidude." Mkuu akanong'ona kitu kuhusu cheo. "Cheo gani? Mie ndo nafunga bandeji. Nikifunga nyingine nafunga na mdomo wako." Akanong'ona tena. "Basi waambie wote unang'atwa. Au niwaambie mie?"

Wiki iliyofuata nilipiga kwa bastola ya Mkuu. Sikupiga kwa maajabu, sitawadanganya. Nilipiga katikati, nikakosa kidogo, nikarudi katikati, nikafuzu. Mkuu naye alijaribu rivolva niliyoshindwa nayo. Mkononi mwake ilionekana ya kawaida. Alipiga vizuri kuliko wote, akatazama mkono wake usio na damu, akatazama karatasi, na nilimwonea huruma kidogo, maana alikuwa ameteseka miaka kwa ajili ya kiti.

Mngedhani hadithi imekwisha hapo. Hamwajui wakubwa zangu.

Shida ilikuwa hii: silaha ya Mkuu wa kituo haiwezi kushuka kwa konstebo, tena mwanamke, bila Mkuu kuonekana ameshuka nayo. Inspekta Kasanda ndiye aliyempa dawa. Asubuhi kwenye gwaride, Mkuu akasimama mbele yetu, akakohoa, akatangaza kwamba kuanzia siku ile bastola ile ni silaha ya kike, imewekwa maalumu kwa askari wa kike, na kwamba yeye kwa kazi zake amechagua silaha nzito zaidi. Kwa hiyo hakuwa amenipa bastola yake. Alikuwa ametupa kitu cha wanawake kilichopotelea mezani kwake. Kasanda akapiga makofi. "Konstebo Zuhura, ipake na poda!" akapaza sauti, na gwaride zima likaangua kicheko. Nilisimama wima, masikio yanawaka. Nilikuwa nimeipata bastola, na walikuwa wameigeuza mwanasesere mbele ya macho yangu.

Nilifanya kazi ya wageni mara kadhaa, na waliponirudisha kituoni niliwekwa ghalani chini ya Sajini Nandonde. Lakini Kasanda hakutosheka. Alianza kumwambia Mkuu, kila nilipokuwa karibu kusikia, kwamba kufuzu kwa silaha ya kike si kufuzu. Ni mchezo wa watoto, akasema, na ukaguzi wa makao makuu ukija tutachekwa. Afadhali bastola ifungiwe na binti arudi kwenye simu mapema, kabla hatujaaibika. Mkuu, ambaye alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa kumkatalia mtu mwenye sauti, akasema atalifikiria baada ya ukaguzi.

Ukaguzi ukatangazwa. Kila mwenye silaha atapiga shabaha mbele ya wakaguzi, na atakayeshindwa atanyang'anywa. Hapo ndipo nilipowajua wanaume wa kituo kile.

Wa kwanza alikuwa konstebo mmoja aliyecheka sana siku ya gwaride. Akaja dirisha la ghala mchana, akatazama nyuma yake. "Sista, hebu nishike ile kidogo." Mikono yake ilikuwa kama yangu. Akaishika, kidole kikafika. Kesho yake akaja mwingine. Wote walikuwa na vidole visivyofika, wote walikuwa wakipiga kushoto, wote walikuwa wamelaumu risasi. Bastola ilikuwa imekabidhiwa kwa jina langu, haitoki bila mimi kuridhia, na kuazimana kwa ajili ya zoezi au ukaguzi kuliruhusiwa. Sajini Nandonde akaniuliza nataka kufanyaje.

Nikasema nitawapa. Ila kila anayeitaka asimame hapa dirishani, kwenye foleni ya asubuhi na wenzake, aiombe kwa jina lile la kike walilolicheka gwarideni.

Sajini alifikiri, akasema halivunji kanuni yoyote anayoijua.

Wakaomba. Mwanzo kwa kunong'ona, na watu nyuma wakicheka. Lakini aliyecheka Jumatatu alikuwa akiiomba Jumatano, na kicheko kikakosa watu wa kukicheka. Walipiga, wakapiga vizuri, wakairudisha bila kunitazama usoni. Nilifurahi kwa ubaya, sioni sababu ya kuficha.

Asubuhi ya ukaguzi wenyewe, foleni ilikuwa ndefu hadi nje, karandinga inanguruma. Inspekta Kasanda akaipita foleni, akaja dirishani, akaegemea karibu. Rivolva yake ya mpingo ilikuwa kiunoni, na jasho lilikuwa limeshaanza. Jana yake alikuwa amejaribu mara ya mwisho. Sajini alinionyesha karatasi: kushoto kote.

"Nipe ile," akasema polepole.

"Ipi, afande?"

"Ile yako, Zuhura. Usinichezee."

"Yangu ina jina, afande."

Nikamwona akipiga hesabu ndani ya kichwa chake. Akiiomba, hawezi tena kusema kufuzu nayo si kufuzu. Asipoiomba, atavuliwa silaha mbele ya wakaguzi na mbele ya makonstebo aliowafundisha kucheka. Mimi pia nilikuwa nikihesabu. Mkono wangu chini ya kaunta ulikuwa umeshika ukingo wa meza, maana neno lake moja kwa Mkuu lingetosha, na waya za swichibodi bado zilikuwa pale pale.

"Naomba," akasema, "naomba bastola ya kike."

"Sijasikia, afande. Gari linapiga kelele."

"Naomba bastola ya kike!" Sauti yake ile ile ya gwaride. Nadhani hata wapita njia barabarani walisikia.

Nikaikagua mbele yake, nikampa aikague, nikamwambia kiganja kipande juu zaidi, gumba lisilale hapo. Alitii. Kidole kikalala juu ya triga. Kwa muda akasahau kwamba tupo, akaitazama tu, na uso wake ukawa wa mtu aliyevua viatu vya kubana alivyovivaa miaka yote akiapa kwamba ni saizi yake. Nilitamani nimdharau wakati ule pia, sikuweza. Dharau ilinirudia dakika moja baadaye.

Alifuzu. Alasiri akairudisha, ameisafisha mwenyewe, amepaka mafuta, magazini ya risasi ameifuta. Akaiweka kaunta, akasimama kama mtu aliyesahau alichotumwa.

"Swichibodi," akasema mwisho, akitazama ukuta, "nimemwambia Mkuu atafute mtu mwingine. Wewe una kazi hapa."

"Ndiyo, afande."

Akaondoka. Nikaikagua kama ni tupu, nikaikagua tena, nikaifungia kabatini, kisha nikakaa sakafuni nyuma ya kaunta mahali ambapo dirishani hawanioni. Sajini Nandonde akaja na kikombe cha maji, akasimama juu yangu na kitambaa chake begani.

"Unalia au unacheka?"

Nikamwomba aniache kwanza nimalize.